Afya ya jamaa: Kichwa hakizoei ngumi

Mwezi huu tunatia pembeni habari ya malaria na maji ya visima, kwa sababu barua moja imetufikia toka Mokambo na haiwezi kungoja. Aliyeandika ni kijana wa miaka 17. Jina lake tunaliacha. Anasema anajifunza boksi tangu mwaka mumoja, na kwamba kila magaribi, kisha mazoezi, mwalimu wake anamusimamisha mikono chini, wenzake wanapita mumoja mumoja na kumupiga ngumi za kichwa, kumi kuume, kumi kushoto, "ili kichwa kikomae." Mama yake anagombana naye juu ya ile. Tangu majuma mawili kichwa kinamuuma kila asubuhi, na kwenye masomo anasoma mustari mumoja mara tatu bila kuushika. Tena wamemupangia pambano kule Mufulira. Anauliza: "Je, mupiga ngumi anaweza kuzoeza kichwa chake mpaka kisisikie tena ngumi? Mwenye haki ni mama ao mwalimu?"

Ndugu yetu, mwenye haki ni mama. Na mbele ya kusoma mengine, sikia hili: zile ngumi za magaribi uziache leo, si juma lijalo. Maumivu ya asubuhi na mustari unaopotea si alama ya kichwa kinachokomaa. Ni alama ya ubongo ulioumia na ambao haujapona. Enda lopitali, ukamwambie munganga maneno yote, hata hesabu ya ngumi. Usimufiche kwa haya.

Sasa tuseme juu ya nini.

Mwili wa mutu unazoea mambo mingi. Kiganja cha mulimaji kinaota sugu. Kiganja cha mwenye kuchimba kinakuwa kigumu sawa ngozi ya kiatu. Tumbo la mupiga ngumi, kama analifanyisha kazi kila siku, linapata misuli ya kukinga viungo vya ndani. Mufupa unaopewa kazi unaongeza nguvu. Macho yanaacha kufumba mbele ya ngumi, na moyo unaacha kuogopa. Hiyo yote ni kweli, na njo inadanganya watu. Mwalimu anaona kijana aliyekuwa akigeuza uso, leo hageuzi tena, anasema: kichwa kimekomaa. Kumbe ni woga tu umepungua. Ndani ya kichwa hakuna kitu kilichokomaa.

Ubongo hauna misuli, hauoti sugu. Ni kitu laini, laini kuliko bukari ya moto, unaelea katika maji ndani ya mufupa wa kichwa. Uliona wale wanaobeba bidoni za maji kwenye baiskeli. Baiskeli inasimama gafula, bidoni inasimama nayo, lakini maji ndani yanaendelea kwenda mbele, yanapiga ukuta wa bidoni, yanarudi nyuma. Njo vile ubongo unafanya saa ngumi inafika. Na ngumi mbaya zaidi si ile inayosukuma kichwa nyuma sawasawa. Ni ile ya kidevu na ya shavu, ile inayokizungusha, kwa maana kichwa kinageuka haraka na ubongo unachelewa kukifuata. Ubongo umejaa nyuzi nyembamba sana zinazopeleka habari toka pahali pamoja mpaka pengine. Zikivutwa gafula zingine zinaumia, zingine zinakatika. Mutu anaona nyota, ao anaanguka, ao anabaki amesimama lakini hajui tena yuko wapi. Na mufupa unaweza kubaki muzima kabisa, bila tone la damu inje. Mama anatazama mutoto, anaona uso wake ni ule wa jana.

Baba zetu wa mugodi wanajua jambo hili kwa njia ingine. Kaske inazuia jiwe kupasua kichwa, na asiyeivaa ni mujinga. Lakini mutu mwenye kaske akianguka toka juu, anaweza kuamka asijue leo ni siku gani. Kofia ya boksi ni vile vile. Inazuia ngozi kupasuka, inazuia masikio kuharibika. Kutikisika kwa ubongo haikuzuii. Wanaume wa Michezo ya Olimpiki walipiga ngumi na kofia tangu Los Angeles 1984. Mwaka 2013 shirika la dunia la boksi ya ridhaa liliwavua wakubwa kofia zile, na kule Rio 2016 wanaume walipigana vichwa wazi. Na glavu? Glavu inalinda zaidi vidole vya mwenye kupiga. Mutu wa ngumi tupu anaogopa kuvunja mukono juu ya paji la uso wa mwenzake. Ukimuvalisha glavu, anapiga bila kuhurumia.

Utaniambia: lakini wako watu wanaokula ngumi raundi kumi na mbili bila kuanguka. Ni kweli, wako. Fikiri tu namna walivyofika pale. Vijana ishirini wanaanza boksi. Mwenye kuanguka upesi, baba yake anamukataza, ao yeye mwenyewe anachoka na kwenda kwenye mupira. Kisha miaka mitano wanabaki wawili, wenye shingo nene na kichwa kigumu toka tumbo la mama. Sisi tunawaona wale wawili na kusema: mazoezi njo yamewakomaza. Wale kumi na nane hakuna anayewahesabu. Tena kuna jambo ambalo watu wa boksi wenyewe wanalijua, hata kama hawalisemi mbele ya vijana: mwenye kupigwa K.O. mara mingi anaanguka upesi kuliko zamani. Kama ngumi zingekuwa zinakomaza kichwa, wazee wa ringi wangekuwa wagumu kuliko wote.

Wakubwa kati yenu mutataja Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, mbele ya mapambazuko, katika uwanja wa 20 Mai ambao leo ni Tata Raphaël, Muhammad Ali aliegemea kamba raundi kwa raundi, George Foreman akamupiga mpaka akachoka mwenyewe, na katika raundi ya 8 Ali akamuangusha. Tangu siku ile vijana wa Kongo wanasikia hadithi hii: Ali alikubali ngumi, njo maana alishinda. Mutazame picha tena. Mikono ya Ali iko mbele ya uso, viwiko viko karibu na mbavu, kichwa amekivuta nyuma, mbali, juu ya kamba. Ngumi mingi za Foreman zilikufia kwenye mikono na mbavu. Aliyekuwa amefundishwa vizuri siku ile ni mikono na akili.

Lakini Ali naye aliamini kwamba mutu anajizoeza kupigwa. Katika mazoezi aliwaachia wenzake wamupige, ili mwili ujue kuvumilia. Mwaka 1977, kisha pambano lake na Earnie Shavers, munganga wake Ferdie Pacheco alimuacha, kwa sababu aliona mwili unaharibika na hakuna aliyetaka kusikia. Ali aliendelea mpaka Desemba 1981. Mwaka 1984 waganga walimukuta na ugonjwa wa Parkinson, na mwaka 1996, alipowasha moto wa Olimpiki kule Atlanta, dunia yote iliona mukono unatetemeka. Alifariki tarehe 3 Juni 2016, akiwa na miaka 74. Waganga hawajapatana kama ni ngumi zilizoleta ugonjwa ule, maana Parkinson inashika pia watu ambao hawakuvaa glavu hata siku moja. Juu ya ugonjwa mwingine hawabishani sana. Tangu mwaka 1928 munganga wa Marekani, Harrison Martland, aliandika habari ya wapiga ngumi wanaotembea sawa walevi, ulimi muzito, akili inapotea polepole. Mwaka 1973 Mwingereza Corsellis na wenzake walitoa habari ya bongo za wapiga ngumi 15 waliokwisha kufa, na wakaonyesha namna zilivyoharibika. Ugonjwa ule hauletwi na K.O. peke yake. Unaletwa pia na ngumi ndogo ndogo, zile zisizoangusha mutu, zikirudiwa miaka na miaka, na za mazoezi zinaingia katika hesabu.

Ndugu wa Mokambo, fanya hesabu yako. Ngumi ishirini kila magaribi, magaribi tano kwa juma, ni mia moja. Kwa mwaka ni zaidi ya elfu tano. Na hata moja kati yake haina mwamuzi, haina pointi, haina medali.

Lakini juu ya nini tuzungumze tu habari ya Wamarekani? Lubumbashi ilizaa bingwa wa dunia, na vijana mingi hawajui jina lake. Sumbu Kalambay alizaliwa tarehe 10 Aprili 1956, wakati muji ungali unaitwa Elisabethville. Boksi yake aliipeleka Italia, na Waitalia walimuita Patrizio. Mwaka 1987 alimushinda Herol Graham kule London na kuwa bingwa wa Ulaya. Oktoba ya mwaka ule ule, kule Livorno, alimushinda Iran Barkley na kuchukua ubingwa wa dunia wa WBA, uzito wa kati. Machi 1988, kule Pesaro, alimushinda Mike McCallum wa Jamaika, mutu ambaye mpaka siku ile hakuwa amepoteza pambano hata moja.

Aliwashinda namna gani? Hakuwa mutu wa kuvunja watu kwa ngumi moja. Mukono wake wa kushoto ulikuwa mbele kila wakati, unagusa, unasumbua. Miguu haikulala. Kichwa kilikuwa kinasogea kidogo tu, kipimo cha kiganja, ngumi inapita karibu na sikio na kwenda kupiga hewa. Mupinzani anachoka kwa kupiga hewa kuliko kwa kupiga mutu, wote waliolima juani wanaelewa jambo hilo. Ukiuliza mwana wa Lubumbashi alizoeza nini, jibu ni macho, miguu na kipimo cha mbali na karibu. Alikuwa na kipaji cha kutokuwa pale ngumi inafika.

Kisha ikaja tarehe 25 Machi 1989, Las Vegas. Mbele yake alikuwa Michael Nunn, mutu murefu mwenye kupigania kushoto. Raundi ya kwanza, sekunde 88, ngumi moja ya kushoto, na Kalambay alikuwa chini, pambano limekwisha. Mutu aliyemaliza pambano zima na McCallum! Kichwa kilikuwa kile kile, shingo ile ile, miaka ya mazoezi ile ile. Kama kichwa kinaweza kukomazwa, chake kingekuwa kimekomaa siku ile, kisha miaka tisa ya boksi ya kulipwa.

Tofauti ni ngumi isiyoonekana. Saa unaiona ngumi, hata kwa nukta moja, shingo inakaza yenyewe, kidevu kinashuka, kichwa na mabega vinakuwa kitu kimoja, na uzito wote wa mwili unapokea pigo. Saa hauioni, kichwa kinakuwa peke yake juu ya shingo iliyolegea, kinazungushwa sawa mulango usio na komeo. Kwa hiyo mwenye kukusimamisha mikono chini ili upigwe anakufundisha kinyume cha kazi. Anafundisha macho yako kungoja ngumi na mikono yako kulala.

Kalambay aliamka, akaendelea, akarudi kuwa bingwa wa Ulaya, na alitundika glavu mwaka 1993. Si wote waliopata bahati ile. Ninyi wa Mokambo munaishi mupakani, na habari za Zambia zinawafikia mbele ya za Kinshasa, kwa hiyo wazee wenu wanakumbuka Lottie Mwale: medali ya zahabu ya Michezo ya Commonwealth kule Christchurch 1974, kisha bingwa wa Commonwealth, kisha mwaka 1980 alienda Marekani kutafuta ubingwa wa dunia mbele ya Matthew Saad Muhammad, akaangushwa katika raundi ya 4. Alifariki Oktoba 2005 kwa ugonjwa wa Parkinson, na miaka 53 tu. Na Desemba 1997, kule Lusaka, Felix Bwalya alipigana na Mwingereza Paul Burke kwa ubingwa wa Commonwealth. Katika raundi ya mwisho aliangushwa zaidi ya mara moja, na kila mara aliamka. Watu walishangilia moyo wake. Waamuzi walimupa ushindi kwa pointi. Kisha siku tisa alikuwa amekufa. Ninaandika neno hili polepole kwa ajili ya wale wanaopenda kusema "muache, ana moyo, ataamka." Bwalya aliamka.

Kuna kitu kimoja ambacho mazoezi yanaweza kusaidia, na sitaki kukificha: shingo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walitoa habari ya vijana wa masomo zaidi ya 6000 waliopimwa nguvu ya shingo. Hawakuwa wapiga ngumi, walikuwa wachezaji wa mupira na michezo ingine. Wenye shingo ya nguvu waliumia ubongo kidogo kuliko wenye shingo zaifu. Basi, fanyisha shingo kazi: mwenzako ashike paji lako kwa kiganja, wewe usukume mbele polepole, kisha nyuma, kisha pembeni. Bila haraka na bila kubeba vitu vizito. Lakini usijidanganye. Shingo inapunguza mwendo wa kichwa. Haigeuzi ubongo kuwa jiwe. Na kile cha kuuma kwa meno kinalinda meno, ukivae, lakini usikitumaini kwa mambo ya ubongo.

Mwalimu, ukisoma ukurasa huu, tunakuomba kwa heshima. Tunajua unafundisha bila mushahara, na pengine wewe mwenyewe ulifundishwa vile na aliyekutangulia. Vijana wako wakija kwako hawakai kwenye pombe, na wazazi wanakushukuru kwa hilo. Toa tu ile kazi ya ngumi za kichwa. Wape kamba ya kuruka, mufuko wa kupiga, kupigana na kivuli, mashindano ya kugusa bega tu, kupigana kwa mwili bila kichwa. Siku za kupigana kweli ziwe chache, na mwenye kupigwa mpaka akayumba asimamishwe saa ile ile, asirudi ringini siku ile hata kama analia na kusema hana kitu. Kijana wa miaka 17 atasema hana kitu hata kama anaona ninyi wawili wawili.

Wazazi, mutambue alama. Kichwa kinachouma na kuongezeka, kutapika mara kwa mara, jicho moja kuwa na mboni kubwa kuliko lingine, usingizi ambao hamuwezi kumuamsha, maneno yanayochanganyika, mukono ao muguu unaolegea, kifafa. Ukiona moja kati ya hizo, hata usiku, tafuta gari ao pikipiki ya kumufikisha lopitali. Usingoje asubuhi, na usimupe dawa ya usingizi. Alama zingine ni ndogo: mutoto anakasirika bure, mwanga unamuumiza, anasahau alichotumwa dukani. Hizo haziiti pikipiki ya usiku, lakini zinaita mapumziko na munganga.

Narudia kwako, kijana wetu. Kama munganga anakuta ni kutikisika kwa ubongo tu, anaweza kukurudisha kwenye boksi, na mama yako pengine atakubali. Kwanza pumzika siku chache za mwanzo. Kisha masomo, mpaka usome ukurasa muzima bila kichwa kuuma. Kisha kutembea, kukimbia, kamba. Kisha mufuko. Kila hatua ichukue siku yake, na kama maumivu yanarudi, unarudi hatua moja nyuma. Kupigana na mutu ni hatua ya mwisho kabisa, na munganga njo anaifungua, si mwalimu wala wewe. Juu ya nini tunakaza hivi? Kwa sababu ubongo uliotikisika na kupigwa tena mbele ya kupona unaweza kuvimba gafula. Haitokei mara mingi, lakini inapotokea inaua, na wanaokufa vile ni hasa vijana wa umri wako.

Barua yako haisemi pambano la Mufulira ni siku gani. Kama ni mwezi huu, usivuke mupaka. Tuma mutu akawaambie kwamba uko mugonjwa, maana ni kweli. Na barua hii umuonyeshe mama.